Rangi iliyobambuka Kisauni: tatizo lilikuwa kisimani

Ukuta wa sebule yangu ulikuwa ukitoa unga mweupe, kisha rangi inavimba na kubambuka kama maganda. Mara ya kwanza nilipaka mwenyewe kuokoa pesa. Mara ya pili nikaita fundi. Kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu, lakini baada ya miezi michache yakawa yale yale. Nikadhani rangi ni ya bei rahisi, nikanunua ya ghali. Wapi!

Jirani mmoja, fundi mstaafu, ndiye aliyeniuliza: "Mwanangu, maji ya kuchanganyia unatoa wapi?" Kisimani, nikamwambia. Na maji ya kisima chetu ni ya chumvi. Hata sabuni hayatoi povu vizuri. Kumbe nilikuwa naupaka ukuta chumvi, na yule fundi pia nilimpa maji hayo hayo.

Basi nilikwangua rangi yote, nikafagia ule unga kwa brashi kavu. Kavu, tafadhali: ukiulowesha kwanza, chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Halafu nikafuta kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya mitungi, yale ya mkokoteni. Nikaacha ukuta ukauke wiki mbili, tena msimu wa kaskazi, si mvua za masika. Nikabandika nailoni ukutani kwa utepe siku nzima, kupima kama bado kuna unyevu. Chini yake pakabaki pakavu. Ndipo nikapaka praima, ile rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, vyote kwa maji ya mitungi.

Ndani nilifanya mwenyewe. Ukuta wa nje wa ghorofani nimemwachia fundi, mimi na ngazi ndefu hatupatani. Maji nilimnunulia.