Siku moja maishani mwangu: miavuli 96 ya Sperlonga

Kila nikipiga simu Malindi, shangazi huniuliza swali lile lile: "Bado unakaa pwani tu?" Picha ninazomtumia zina mchanga laini, maji ya kijani na watoto wenye ndoo zao. Mikono iliyopiga picha haionekani. Kwa hiyo leo naandika siku moja tu, Alhamisi ya mwezi Juni, tangu alfajiri mpaka usiku, ili anayenionea wivu ajue anaonea wivu nini, na anayenidharau ajue pia.

Saa kumi na moja alfajiri

Nimeshaswali, nawasha pikipiki. Naishi Fondi, mji wa bondeni huku Italia, kwa sababu kodi ya chumba Sperlonga ni kodi ya wageni wa likizo. Barabarani kuna malori yanayotoka soko kubwa la jumla la mboga na matunda la Fondi, na Wapanjabi wenye vilemba wanaopiga baiskeli kwenda mashambani. Tunapungiana mkono. Miaka yote hii hatujui majina, ila tunajuana kwa taa.

Saa kumi na moja na nusu

Jua linachomoza. Sperlonga iko katikati ya Roma na Napoli, mji mweupe uliopanda juu ya jabali, na chini yake mnara wa zamani, Torre Truglia, unaogawa ufuko mara mbili. Mimi nafanya kazi kwenye lido, yaani kipande cha ufuko kinachokodisha miavuli na vitanda, upande wa Levante, ambao mchanga wake unaanzia mjini na kwenda kuishia kwenye pango la kale.

Mtu wa pwani akifika hapa mara ya kwanza hushangaa jambo moja: bahari haipwi. Kwetu siku za bamvua maji hukimbia mpaka unatembea mwambani na kikapu chako. Hapa yakipanda na kushuka ni shubiri moja au mbili, basi. Ndiyo maana mwavuli unasimikwa mwanzo wa msimu na unabaki shimo lile lile mpaka Septemba, na ndiyo maana mtoto wa miaka mitatu anaweza kuchimba pale pale asubuhi nzima maji yasimfuate. Madaktari wa watoto wa Italia wana orodha yao ya fukwe zinazofaa watoto, wameianza mwaka 2008, na Sperlonga imo: mchanga, maji yenye kina kifupi karibu na ukingo, mwokoaji wa zamu, nafasi kati ya mwavuli na mwavuli.

Ile nafasi naipima mimi. Nachukua reki. Vipisi vya sigara, vijiti vya aiskrimu, vipande vya plastiki vilivyoletwa na usiku. Halafu mashimo. Watoto huchimba mashimo makubwa jioni na kuyaacha, na shimo lisilofukiwa humvunja bibi mguu asubuhi. Nayafukia yote. Kisha miavuli: safu 8, kila safu miavuli 12, kila mwavuli vitanda viwili. Fungua, kaza, kunjua kitanda, pangusa umande, songa mbele. Mpaka mwavuli wa 40 bado naimba, ila kuanzia wa 60 mabega ndiyo yanayozungumza.

Saa tatu asubuhi

Mwokoaji anapandisha bendera nyeupe, maana yake ulinzi umeanza. Ni mzee wa hapa hapa, amekaa baharini zaidi ya miaka ninayoijua. Mashua yake ni nyekundu, ya makasia, yenye matumbo mawili, imeandikwa SALVATAGGIO. Familia zinaingia, naonyesha nambari, nabeba vigari vya kusukumia watoto mchangani, nasogeza vitanda, na kwa kuwa umande, ule upepo wa bara wa asubuhi, haujatulia, nawaomba wazazi wasitie maboya ya kupulizia majini mpaka upepo ugeuke. Wengi hukubali. Boya likichukuliwa na umande haliendi pembeni, linaelekea Sardinia.

Saa nne na robo

Hapa siku ilisimama.

Alikuwa mteja wa siku moja, na mkewe na binti wa miaka kama mitano. Safu za mbele huchukuliwa msimu mzima na familia za kila mwaka, kwa hiyo alipewa safu ya saba. Nilipogeuka nikamwona amebeba vitanda viwili kwa mikono yake, anavikokota mpaka ukingoni mwa maji, anachomeka mwavuli wake mwenyewe mahali ambapo mawimbi yanafia.

Ile mita 5 ya mwisho kabla ya maji si ya lido wala ya mteja. Sheria ya Italia ya mwaka 2006 inampa kila mtu haki ya kufika ukingoni na kupita, hata asiyelipa chochote, na amri za pwani zinakataza kuacha kitu pale. Ni njia ya watu. Na ni njia ya mashua nyekundu pia. Mwavuli mmoja ukisimama pale mzee hupoteza kipande cha bahari machoni.

Nikamsogelea. "Samahani, bwana."

Hakugeuka. Akanyosha kiganja. "Sinunui kitu."

Nilikuwa nimevaa fulana ya lido, yenye jina la lido kifuani na mgongoni. Pwani hii ina ndugu wengi wanaouza miwani na mataulo wakitembea juani kutwa, wanafanya kazi ngumu kuliko yangu, na sioni aibu kudhaniwa mmoja wao. Kilichoniuma ni kwamba hakuangalia.

"Mimi ni mfanyakazi wa hapa, bwana. Vitanda haviruhusiwi sehemu hii. Naomba nikusaidie kuvirudisha."

"Nimelipa."

"Umelipia safu ya saba."

"Wewe nani hasa?"

Kiitaliano kina njia mbili za kumwambia mtu "wewe": moja ya heshima, nyingine ya rafiki au mtoto. Mimi nilimpa ya heshima tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Yeye alinipa ya mtoto. Niliyelelewa kwa shikamoo nalisikia hilo hata nikiwa usingizini. Na lugha yao naijua vizuri, niliikuta Malindi nikiwa mdogo. Waitaliano walikuja kwetu miaka ya 1960 kwa ajili ya roketi za San Marco, zikafuata nyumba na hoteli, na sisi watoto wa ufukweni tukajifunza Kiitaliano kabla hatujamaliza shule.

Nikamweleza sheria. Akasema jua la leo halina sheria. Nikamweleza mashua. Akasema bahari ni kama bakuli la supu, nani atazama hapa? Nikamwambia nitamletea kitanda kimoja zaidi bila malipo, akasema hahitaji sadaka. Watu wakaanza kugeuza shingo. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa, anampaka mtoto mafuta ya jua mahali pale pale mara ya tatu. Nyuma yangu mwavuli wa 31 uliniita, wa 58 ulitaka kivuli kigeuzwe, mtu alitaka funguo za bafu, na mimi nimesimama juani nikirudia sentensi zile zile kwa sauti ile ile, kwa sababu najua siku nitakayoipandisha sauti hakuna atakayekumbuka nani alianza.

Mwishowe akasema: "Niitie mtu wa hapa."

Nikamwita mzee. Mzee akaja polepole, akamwambia maneno yangu yale yale, hakuongeza hata moja, na yule bwana akainama akashika kitanda. Sitajifanya kwamba hilo halikuniingia. Mzee alinitazama, akaweka mkono wake begani mwangu mbele ya watu wote, akarudi kwenye kiti chake.

Tulipokuwa tunapandisha vitanda ndipo mkewe aliposema, kwa sauti ndogo, kwamba mwaka jana binti aliwapotea majini kwa dakika chache, na kutoka safu ya saba hawawezi kumwona. Kumbe. Dakika arobaini, na neno lile lilikuwa mdomoni muda wote. Lingesemwa mwanzoni, tungemaliza kwa dakika mbili.

Nikaenda kwa nonna, yaani bibi, wa nambari 7, safu ya kwanza. Ana zaidi ya miaka themanini, huniita "mwanangu" tangu msimu wangu wa kwanza. Nikamweleza. "Waje wakae kwangu," akasema, "mimi jua nimelishiba tangu vita." Nikambebea vitu vyake nyuma kivulini, nikaiweka familia ile mbele. Mke akanishukuru mara mbili. Mume alinyamaza, akakaa akimkodolea mtoto macho bila kupepesa. Hofu ya aina hiyo naijua, kwetu tumezika watu wa baharini. Lakini adabu ni adabu.

Saa saba mchana

Chakula. Mkate na mozzarella, jibini ya maziwa ya nyati wa kufugwa, inayotengenezwa huku huku bondeni. Kisha adhuhuri kwenye stoo ya vitanda, juu ya taulo safi. Kibla huku ni kusini-mashariki, upande wa pango.

Pango lile lilikuwa la Mfalme Tiberio wa Roma. Mwaka 26 baada ya Kristo alikuwa humo kwenye karamu, mawe yakaporomoka, na mkuu wa walinzi wake akamkinga kwa mwili wake. Mwaka 1957, barabara ilipokuwa inajengwa, vikapatikana humo vipande elfu na zaidi vya sanamu. Serikali ilitaka kuvipeleka Roma, na nonna hunisimulia jinsi watu wa mji walivyoziba njia visiondoke. Vimebaki, na makumbusho yakajengwa pale pale. Akifika hapo kwenye hadithi hunyoosha mgongo.

Baada ya chakula ufuko hunyamaza kabisa. Mama wa Kiitaliano hamruhusu mtoto aliyekula kuingia majini mpaka saa mbili zipite, na watoto hukaa kivulini wakihesabu dakika. Muda ukiisha wote huingia pamoja, na siku hiyo kijana mmoja akakanyaga tracina, samaki mdogo anayejifukia mchangani na miiba ya sumu mgongoni. Bibi mmoja akaleta siki, mwingine barafu. Dawa ni maji moto, ya moto kadiri mguu unavyoweza kuvumilia, kwa nusu saa na zaidi, kwa sababu sumu ile huharibiwa na joto. Nilibeba beseni kutoka baa mara nne.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Joto la mchanga lilikuwa linapita nyayo za viatu. Nageuza miavuli kufuata kivuli, namaliza safu ya nane, kivuli cha safu ya kwanza kimeshahama, narudi.

Kisha sauti ya mama. Ukishaisikia sauti ile mara moja hutaifananisha na nyingine. Mtoto wa kiume, miaka minne, kofia nyekundu. Watu wote wakageukia maji. Mzee akasukuma mashua, kwa sababu maji hutazamwa kwanza, hayasubiri. Mimi nikashika mchanga. Alinifundisha yeye: mtoto aliyepotea mara nyingi hulipa jua mgongo, maana linamuumiza macho. Jua lilikuwa limeshalalia magharibi, upande wa mji. Nikakimbia kuelekea pangoni, ndani ya ile mita 5 iliyo wazi, nikiita jina lake, na kila lido nililopita wakalipokea jina na kulipeleka mbele kwa vipaza sauti.

Nikamkuta lido tatu mbele. Alikuwa na ndoo. Alichota maji kwenda kumwagia ngome yake, maji yakavuja, akachota tena, akawa anatembea na kuchota, na ngome haionekani. Nilimbeba begani. Mama alipompokea alikaa chini mchangani na nguo zake, na mimi nikashika mti wa mwavuli wa karibu, magoti yamekataa.

Saa moja jioni bendera ikashuka. Nilifunga miavuli 96, nikakunja vitanda 192, nikakusanya kandambili moja, koleo tatu, miwani ya kuogelea. Yule bwana wa asubuhi aliondoka bila kuniangalia. Binti yake aliniangalia, akaonyesha shimo alilochimba, linamfika kiunoni. Nikamwambia ni zuri sana. Walipopanda ngazi nikachukua koleo, nikalifukia.

Saa mbili na nusu, saa ambayo kwetu ni usiku kamili, jua la huku ndiyo kwanza linazama. Kwenye kiti cha pikipiki nilikuta kifurushi cha karatasi ya foili kutoka kwa nonna: kipande cha tiella, mkate wa Gaeta uliojazwa pweza, nyanya na zeituni. Nilikila nimesimama, chote, kikiwa bado na vuguvugu la juani.