Kutoka Lindi hadi Newala kumtafuta mwenye lipiko

Basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam likishavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, abiria wengi husinzia. Mimi nilikuwa na kabrasha la sheria mapajani. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu miliki bunifu, yaani haki juu ya kazi za akili, na urithi wa utamaduni, na mjadala huo nilikuwa nimeusomea maktabani tu. Hakimiliki ilibuniwa kwa ajili ya mtunzi mwenye jina na siku ya kufa. Je, inaweza kulinda kitu kilichotungwa na vizazi, ambacho hakuna anayesema ni chake peke yake? Mifano mizito ya mjadala huo hapa kwetu, kikiwamo lipiko, kinyago cha Wamakonde, imetoka kusini, na nilitaka kuiona ikiwa kwao.

Nangurukuru tulisimama kidogo. Upande wa baharini kuna magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo UNESCO iliyaorodhesha mwaka 1981, ikayaingiza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuyatoa humo 2014. Kwa jengo la mawe sheria haipati tabu sana. Jengo halihami, mipaka yake inapimika, mlinzi wake analipwa mshahara. Basi likapiga honi, tukaondoka.

Lindi nilipokewa na mwalimu wa sekondari ambaye ana mazungumzo mamoja tu: kilima cha Tendaguru. Jioni tulikaa ufukweni tukitazama ng'ambo ya Kitunda, akanieleza njia waliyopita wapagazi. Kati ya 1909 na 1913, wataalamu wa makumbusho ya Berlin, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima kile. Mamia ya watu wa huku ndio walioshika majembe. Zaidi ya tani 200 za visukuku zilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari hii hii. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu kabla, na njaa iliyovifuata ilikuwa bado mbichi kwenye kumbukumbu za wale waliobeba. Leo kiunzi kimoja kutoka huko, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kimesimama Berlin na watu wanakata tiketi kukitazama.

Mwalimu hakuzungumzia sana kurudishwa kwa mifupa. Kilichomuuma ni majina. Mnyama yule mkubwa alipewa jina la Branca, mkurugenzi wa Berlin. Boheti bin Amrani, msimamizi aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja, alikumbukwa kwenye jina la kisayansi mwaka 2007, pale dinosaria mmoja alipoitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 akaja Wamweracaudia keranjei, jina linalowataja Wamwera, watu wa huku, na Mohammadi Keranje. "Karibu miaka mia, binti yangu," alisema. "Mtu amefukuliwa baada ya mifupa."

Nadhani mwalimu aligusa jambo ambalo wanasheria tunalipita haraka. Tunagombania umiliki wa kitu na kusahau haki ya kutajwa, ambayo kwenye hakimiliki imo miongoni mwa haki za kimaadili za mtunzi. Mchimbaji wa 1909 hakuwa mtunzi wala mmiliki. Kwa sheria ya wakati ule alikuwa kibarua, basi.

Kesho yake nilipanda gari hadi Mnazi Mmoja, nikaunganisha Nyangao, Ndanda, Masasi, kisha kupanda uwanda wa Makonde hadi Newala. Njia nzima ni mikorosho. Hewa ya Newala ni ya baridi kuliko ya pwani, na nilishukuru kuwa na kitenge cha kujifunika.

Babu niliyekwenda kumwona huchonga chini ya mwembe, tezo mkononi, patasi na tupa zimepangwa kwenye gunia. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza nimesomea nini. Nilipojibu sheria, alisogeza kigoda.

"Haya mjukuu wangu, kaa unisaidie."

Alianza na mpingo. Mbele yake kulikuwa na mnara wa watu waliobebana, ule mtindo tunaouita ujamaa. Huo, alisema, ni wake: ameuwaza yeye na nyuso kazichagua yeye. Hapo sheria ilikuwa upande wake. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mchongo wake unalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, bila hata kusajiliwa. Tabu ni kwamba wapo wanaochukua mti mweupe, wanaiga umbo, wanaupaka dawa ya viatu hadi uwe mweusi, na kuuza kwa bei ambayo mpingo hauwezi kushindana nayo. Nilimweleza kuhusu COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, na kuhusu kwenda mahakamani. Alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza nauli ya Dar es Salaam siku hizi ni kiasi gani.

Nilipouliza kuhusu lipiko, sauti yake ilibadilika.

Lipiko (wingi wake mapiko), kwa msomaji asiyetoka huku, ni kinyago cha kuvaa kichwani, cha mti mwepesi, chenye nywele na chale za nta usoni, kinachochezwa wakati wa jando. Kinapotoka kucheza si mtu anayetoka. Ndivyo wanawake na watoto wasiotiwa jandoni walivyofundishwa. "Ule mpingo ni wangu," babu alisema. "Lipiko nimelichonga mimi, lakini si langu. Na mengine siwezi kukueleza. Wewe ni binti mwenye adabu, hutaniuliza mara mbili."

Sikuuliza. Nilimsomea kile sheria ya 1999 inachosema kuhusu sanaa za asili. Iliufuata mfano wa sheria ulioandaliwa na UNESCO na WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu, mwaka 1982: anayetaka kuzitumia kwa faida, nje ya mazingira yake ya jadi, aombe kibali kwa mamlaka husika, na aitaje jamii zilikotoka. Kibali kinatoka kwenye mamlaka ya taifa. Wazee wa jando hawamo kwenye mlolongo huo. Babu alikaa kimya, kisha akaniuliza hao wa mjini watajuaje kipi kinaonyeshwa na kipi hakionyeshwi, kama hawakutiwa jandoni huku.

Nilikwenda Shimo la Mungu kabla jua halijazama. Ukisimama ukingoni pale nchi inaporomoka, bonde la Ruvuma limetandazwa chini, na ng'ambo ni Msumbiji, kwa Wamakonde wengine wenye mapiko yaleyale. Wengine wako Kwale nchini Kenya, ambako walikaa miaka mingi bila uraia hadi serikali ilipoanza kuwatambua mwishoni mwa 2016. Mwaka huohuo Kenya ilipitisha sheria yake ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni, na sheria hiyo inaitambua jamii yenyewe kuwa mwenye haki. Kwa hiyo jamii ndogo ya Wamakonde walioko Kwale ina pa kushika kwenye sheria kuliko ndugu zao wa Newala, ambako mapiko yako nyumbani. Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010 kuhusu maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni, iliyoandaliwa na ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika, inazifikiria jamii zilizogawanywa na mipaka namna hii. Nataka wabunge wetu waisome wakiwa wamesimama pale ukingoni.

Kutoka Newala nilipitia Tandahimba hadi Mtwara mjini, kwenye mjadala uliofanyika katika ukumbi wa chuo kimoja. Mzungumzaji wa kwanza alileta kisa ambacho wanafunzi wa sheria hawakichoki. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva ilikinunua Paris. Kikatambuliwa mwaka 1990, na baada ya miaka mingi ya kudai kikarudishwa Mei 2010, kwa makubaliano yaliyotiwa saini Paris. Mkataba wa UNESCO wa 1970, unaopinga biashara haramu ya mali za utamaduni, haukutosha kukilazimisha kirudi, kwani Uswisi ilijiunga nao mwaka 2003 na haufanyi kazi kwa kurudi nyuma. Kikarudi kwa jina la zawadi. Kijana mmoja alisimama kwa hasira: mali ya wizi inapewaje mwenyewe kama zawadi? Nilimpigia makofi. Lakini niliona pia kwamba saa nzima ilikwenda kwa Geneva na Dar es Salaam, na hakuna aliyeuliza kama kinyago kile kilifaa kukaa kwenye kabati la kioo, kokote liliko.

Nilipotoa hoja ya babu, mhadhiri mmoja wa kike alinibana. Siri ya jando, alisema, imewafungia wanawake mlango. Kwa nini sheria ya Jamhuri iilinde? Ni swali zito na silipuuzi.

Jibu lilitoka safu ya nyuma, kwa mama mmoja kungwi. Alisema hata unyago una yake. Nyimbo anazomfundisha mwali ndani sasa anazisikia kwenye simu za vijana wa bodaboda, zimetiwa midundo. "Fedha zao sizitaki. Nataka nyimbo ziondolewe humo."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Mfano wa 1982 unaruhusu kuazima sanaa ya asili ili kutunga kazi mpya, na aliyetia midundo atasema ndicho alichofanya. Mama yule hana pa kushika. Sheria yetu inajua kutoa kibali na kutoza ada. Haina kifungu kinachompa mwenye mila neno la kusema hapana, likawa na nguvu dhidi ya mwazimaji, dhidi ya makumbusho na hata dhidi yetu watafiti tunaotaka kila kitu kiingie kwenye kanzidata. Sura ya mwisho ya tasnifu yangu sasa inapendekeza kifungu hicho, kikitamka kwamba jamii inaweza kukataa bila kulazimishwa kueleza inachokificha. Mhadhiri ameniahidi kuandika makala ya kunipinga, na nimemtumia rasimu yangu.