Majani ya mwarobaini: ya kuoga chukua, ya kunywa tuongee kwanza

Mwarobaini wa uani kwangu hapa Tanga una wateja wengi kuliko genge la kona. Hodi haziishi: "Mama, naomba majani kidogo." Swali langu ni moja: ya kuoga au ya kunywa? Ya kuoga, ingia ukate mwenyewe. Ya kunywa, kaa kwanza hapo barazani.

Ya kuoga sina neno nayo. Mtoto akitoka tetekuwanga na ngozi inamuwasha hadi halali, tunachemsha majani mabichi, sufuria nzima, mpaka maji yageuke rangi na harufu ile chungu ijae nyumba. Tunayaacha yapoe yawe vuguvugu, tunayachuja, tunammiminia kwa kata polepole bila kumsugua. Kama ngozi ikizidi kuwa nyekundu, basi, unaacha. Na tafadhali, mambo ya kumfunika mtoto mdogo kwa blanketi juu ya chungu kinachotokota, nyungu hiyo, mimi siungi mkono. Mvuke unaunguza.

Majani makavu nayo huchanganywa na kunde ghalani kuzuia fukusi. Hapo ndipo huwa nawauliza wageni wangu: jani ambalo mdudu analikimbia, wewe unalinywa bilauri nzima asubuhi na jioni? Mwaka 1959 huko Sudan, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nzige wamekula kila kitu, ukabaki mwarobaini tu ukiwa kijani. Baadaye, mwaka 1968, ikatengwa kutoka kwenye mbegu zake kemikali inayoitwa azadirachtin, na leo inatengenezewa viuatilifu vya mashambani. Jani lina kiasi kidogo kuliko mbegu, lakini chai ya rangi si hiyo.

Sasa maswali ya barazani. Una mimba, au unahisi unayo? Basi hupati jani la kunywa kwangu, hata ukinuna. Wanyama wa maabara waliopewa dawa za mti huu waliharibu mimba, na wakunga wetu wa zamani walishakataza. Mnatafuta mtoto? Mwambie mzee aache pia, maana katika majaribio hayo mbegu za kiume zilipungua.

Una kisukari? Hili ndilo linanitia hofu zaidi, kwa sababu jani kweli hushusha sukari. Jirani yangu mmoja alimeza vidonge vyake, akateremshia na bilauri ya mwarobaini, chai hajanywa. Nilimkuta ameegemea ukuta, jasho la baridi, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Alikuwa bado anaweza kumeza, tukampa maji ya sukari, tukamkimbiza zahanati. Akapona, na mpaka leo anasema ilikuwa kijicho.

Halafu kuna homa. Zamani homa ilikuwa mwarobaini, kwisha. Ni kweli maabara zimeona viambato vyake vikidhuru vijidudu vya malaria, ila kwenye chupa ya kioo, si kwenye damu ya mtoto wa miaka miwili. Kipimo cha kutoboa kidole hakichukui nusu saa, na dawa mseto tunazo nchini tangu 2006. Mtoto akikaa siku mbili anakunywa machungu nyumbani, malaria inaweza kupanda kichwani.

Mafuta ya mbegu ndiyo kabisa. Wapo wanaompa mtoto mchanga kijiko kwa ajili ya chango. Kuna watoto waliotapika, wakasinzia, wakapata degedege, na wengine wakafa baada ya kunyweshwa mafuta hayo. Madaktari wa Malaysia na India wameyaandika. Weka chupa juu kabisa, mbali na ya mafuta ya nazi, maana gizani zinafanana.

Mtu mzima mwenye afya yake akitaka kunywa siku mbili tatu, simzuii. Atakata tawi, atakunja uso, ataniambia mti wangu ni mchungu kuliko wa msikitini.