Aliyekataa ni cucu, aliyetoka shule ni mama

Leo mhubiri ametupeleka Namugongo, kule Uganda. Tarehe 3 Juni inakaribia na kila mwaka kanisa letu huwa linawakumbuka wale vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, waliochomwa pale 1886 juu walikataa kumkana Yesu. Ametueleza vizuri, akasema kati ya 1885 na 1887 waliouawa wanaokumbukwa kwa majina ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, na wengine walikuwa watoto tu, wa umri wa hawa wetu wanaokaa viti vya nyuma wakibonyeza simu. Kanisa lote likasema amina na mimi nikasema, tena kwa sauti.

Alafu akafungua Luka 14, pale kwa mstari wa 28 kwa mtu anayetaka kujenga mnara na ni lazima kwanza akae chini ahesabu gharama. Mimi macho yakapanda juu kidogo kwa Biblia yangu, mstari wa 26, nikakuta Yesu ameshasema anayemfuata awachukie baba, mama, mke, watoto, ndugu wa kiume na wa kike, wote wametajwa kabla hata mnara haujatajwa. Mhubiri hakuugusa huo mstari na simlaumu, ni mgumu. Lakini mahubiri yangu yaliishia hapo, mengine sikuyaskia tena.

Juu kitu ambacho kimenikaa moyoni mwaka mzima ni hicho. Anayesimama huwa amechagua kusimama. Wale anaolala nao nyumba moja hakuna mtu aliwauliza.

Wanaonijua wanajua niliacha kazi mwaka jana, ama niseme kazi iliniacha. Nilikuwa karani wa stoo kwa kampuni moja Industrial Area hapa Nairobi, sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vinavyoingia na vinavyotoka, basi. Siku hiyo kulikuwa na magodoro ya kwenda hospitali ya kaunti fulani, kwa karatasi ni 300, kwa stoo ni 120, niliyahesabu mwenyewe yakiwa bado na nailoni zake. Kitabu cha delivari kina karatasi tatu, nyeupe, ya pinki na ya njano, na kaboni katikati, ukibonyeza kalamu juu inashika mpaka chini. Bosi akaja akasimama kando yangu. Ni mtu mpole, mtu wa kanisa, hajawahi kunifokea hata siku moja. Akaniambia, "Mama, wewe tia tu saini, hayo mengine yanakuja wiki ijayo." Nikamwambia, bosi, yakija wiki ijayo nitatia saini wiki ijayo. Akanyamaza kidogo, akafunga kitabu pole pole, akampelekea dada wa meza ya pili, na yeye akatia.

Kuna mtu atasema hiyo si imani, hiyo ni uaminifu wa kawaida tu. Kwangu mimi ni kitu kimoja. Jina ninaloandika kwa hiyo karatasi ni lile nililobatizwa nalo, na kule mwisho wa hiyo karatasi kuna mgonjwa atakayewekwa wawili kwa kitanda kimoja ama alale chini. Siwezi kupokea meza ya Bwana Jumapili na Jumatatu niandike magodoro ambayo hayako.

Na hawakunifukuza, hiyo ndo watu hawaelewi nikiwasimulia. Mtu akiskia umesimama na imani anangoja kuskia kishindo, polisi, kesi, kitu kikubwa. Hakuna. Kwanza ovataimu iliisha. Alafu funguo za stoo zikahamishwa kwa mtu mwingine. Alafu saa ya chai nikifika watu wanamalizia haraka na kuondoka, si kwa chuki, ni uoga tu, kila mtu ana kodi ya nyumba. Kontrakti ilipofika mwisho nikaambiwa biashara iko chini. Intavyuu nimeenda, zinaenda vizuri mpaka wapige simu kuuliza nilikofanya kazi mwanzo, alafu kimya. Siwezi kudhibitisha wanaambiwa nini na sitajaribu.

Yule dada aliyetia saini bado tunaongea. Si mtu mbaya. Analea watoto peke yake, na binti yangu alipolazwa yeye ndo alikuwa wa kwanza kunitumia pesa kwa M-Pesa, kabla hata ya watu wa ushirika wetu wa nyumbani ambao walisema wananiombea. Kwa hivyo sitaki mtu aninunulie sifa kwa kumdharau yeye.

Binti yangu ndo tulimtoa shule. Alikuwa ya praiveti huku Eastlands, walimu wanamjua, marafiki wako hapo tangu nasari, na karo ikatushinda tukampeleka ya serikali. Shule si mbaya, nataka nieleweke, walimu wa pale wanajikaza na watoto vile walivyo wengi darasani. Lakini yeye hakuchagua. Hakulia hata. Alinyamaza siku kadhaa alafu jioni moja akaniuliza nikiosha vyombo, "Mami, si ungesaini tu mara moja alafu uombe msamaha? Mungu si husamehe?" Nilijua jibu la Sunday school. Nilijua hata la Shadraka na Meshaki na Abednego. Lakini kumwambia mtoto habari za tanuru la moto wakati yeye ndo ameungua na wewe uko hapo mzima, hapana, sikuweza.

Nilipompigia mama yangu Murang'a kumwambia nimetoka kazini na kwa nini, nilidhani atanipa moyo. Ni mama wa kanisa, ni mtu wa maombi. Mimi nimepewa jina la mama yake, vile sisi Wakikuyu tunafanya, na kwa hivyo maisha yangu yote ananiita maitu, mama yangu. Nikamaliza kusimulia, akanyamaza, alafu akasema, "Maitu, hata wewe umenifanyia hivyo tena?"

Hiyo "tena" ilinikalisha chini.

Cucu wangu, huyo nyanya niliyepewa jina lake, alikuwa mtu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini huko Rwanda ukaingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wa Tukutendereza, ule wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, wanaokiri dhambi hadharani na kusalimiana kwa huo wimbo. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na viapo vya Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopinga mkoloni, vikaanza kupita nyumba kwa nyumba, cucu alikataa. Alisema ameshakunywa kikombe cha Bwana na hatachanganya damu hiyo na ya mbuzi. Serikali ya mkoloni nayo ikataka waliookoka wajiunge na homgadi, wale walinzi wa vijijini wa upande wa serikali, wapewe bunduki walindwe, wengi wao wakakataa hiyo pia, juu hawangeweza kuua ndugu yao. Kwa hivyo walikuwa hawana upande. Huyu anakuita msaliti, yule anakuita Mau Mau.

Na nisome vizuri, usiseme nimewatukana wapiganaji. Ardhi ilikuwa imechukuliwa, watu walikuwa na haki ya kukasirika, na ndugu wa cucu wa tumbo moja alikuwa msituni, akashikwa akapelekwa kambi ya kizuizi ya Manyani, akarudi mtu mwingine kabisa. Wote wawili, yeye na dada yake, walilipia walichoamini. Kwa nyumba yetu hatujawahi kumchagua mmoja tukamtupa mwingine.

Hadithi ya cucu nimekuwa nikiisimulia tangu nikiwa kwa vijana wa kanisa, nimeitolea ushuhuda mara nyingi, walimpiga mpaka mkono mmoja haukunyooka tena, na hakukana. Huwa naishia hapo. Mama yangu alikuwepo na yeye haishii hapo. Alikuwa na kama miaka minane. Anasema usiku huo cucu alipopigwa, watoto walitolewa nje wakakalishwa kwa nyasi yenye umande, na ng'ombe akafunguliwa akaenda, ng'ombe mmoja tu waliyekuwa naye, aliyekuwa analisha nyumba na kulipa shule. Asubuhi hakuna jirani aliyekuja. 1954 wakahamishiwa kile kijiji cha handaki, vile mkoloni alivyowakusanya watu ndani ya vijiji vilivyozungushiwa mtaro, wakiwa huko watu wazima wanachimba mtaro na yeye ndo anabaki na wadogo wake. Shule hakurudi tena. Ndo maana mpaka leo anasoma Biblia ya Kikuyu kidole kikifuata neno kwa neno.

"Cucu wako alikataa," aliniambia kwa simu, "na mimi ndo nikatoka shule. Sasa wewe umekataa na ni mtoto wako ametoka shule." Hakusema nilikosea. Alisema tu hivyo.

Pale Murang'a kuna kanisa la kuwakumbuka Wakristo waliouawa siku hizo, sahii ni kathedro ya Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, ndo aliweka jiwe la msingi 1955, na ndani kuna picha za ukutani alizochora Elimo Njau, yule aliyekuja kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi, Yesu Mwafrika na vilima vyetu nyuma yake. Nimeenda pale nikiwa msichana nikalia. Nikienda tena najua nitakuwa nawatafuta watoto wa wale watu.

Nimeanza kusoma kila ushuhuda hivyo, siwezi kuacha. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, Rais Idi Amin alimuua 16 Februari 1977, wakasema ni ajali ya gari, mwili haukuletwa kathedro ya Namirembe huko Kampala kwa ibada na kaburi walilokuwa wamemchimbia likabaki tupu. Tunamkumbuka na tunapaswa kumkumbuka. Lakini akili yangu inamfuata mke wake na watoto. Inamfuata pia Mera, mke wa Askofu Festo Kivengere, akipanda vile vilima usiku kwa miguu na bwanake wakimtoroka Amin kwenda Rwanda. Miguu yake iliuma vile vile, na hakuwa yeye aliyekuwa akihubiri.

Sisemi haya ili mtu aogope kusimama. Nikirudishwa kwa ile stoo leo na kile kitabu kikafunguliwa, saini sitii, na bwanangu anajua, tumeongea mpaka usiku wa manane zaidi ya mara moja na si kila mara tuliongea kwa upole. Kitu kinachoniuma ni kanisa kusema amina kwa aliyesimama alafu watoto wake wanahama shule na hakuna anayeuliza. Tuna mfuko wa jengo, tuna mfuko wa gari la vika, kasisi wetu, harambee za kila aina. Kwa hivyo leo baada ya ibada nilimfuata vika ofisini nikamwambia wazi, nataka baraza la parokia lifikirie mfuko wa karo kwa watoto wa mtu aliyepoteza kazi kwa kukataa wizi. Si kwa ajili ya wangu, wangu ameshazoea, ni kwa ajili ya huyo dada wa meza ya pili na wengine kama yeye, wanaotia saini juu wameangalia nyuma wakaona hakuna mtu. Vika akakuna kichwa, akasema pesa ni ngumu. Nikamwambia najua, nimekuwa karani, nileteeni vitabu tuangalie. Ameniambia nije kwa kikao kijacho na niandike kwa barua. Barua naiandika nikimaliza hii.

Jana tulikuwa Murang'a mimi na binti yangu. Wao wawili walikaa jikoni wakitoa maharagwe kwa maganda, na mimi nikiwa mlangoni nikaskia mtoto anamuuliza, bila kuogopa, vile watoto huuliza, "Shosho, ulimsamehe mama yako?"

Mama hakuacha maharagwe. "Nimsamehe nini? Alikuwa sawa. Tukimzika mimi ndo nilianzisha Tukutendereza na nikaimba mpaka mwisho. Lakini shule niliitaka, na hata leo naitaka."

Basi binti yangu akaanza kumwambia habari za Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza 2004 huko Eldoret akiwa na miaka 84. Mama akataka kujua kama huyo mzee alivaa yunifomu. Akaambiwa ndiyo, na kaptula na soksi ndefu. Akafikiria hiyo kitu kwa muda mrefu sana. Nimeshaulizia, kanisa la kwao kuna darasa la gumbaru, la watu wazima, mchana katikati ya wiki, na mwalimu amekubali. Mama ameweka sharti moja tu, afundishwe hesabu, juu kusoma anasema Biblia inamtosha.