Nathani wa Kampala

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tuko 2 Samweli 12, na mimi kila nikifika pale nabii Nathani anapomwambia mfalme Daudi "Wewe ndiwe mtu huyo" akili inakimbilia Uganda kwa Idi Amin.

Amin alichukua nchi kwa mtutu tarehe 25 Januari 1971, Rais Obote akiwa mkutanoni Singapore, na watu Kampala walishangilia barabarani, tusijifanye tumesahau. Baadae vyeo vikaanza, mara Field Marshal, mara Daktari, mara Rais wa Maisha, mara Mshindi wa Dola ya Mwingereza, na vyeo vinavyoongezeka ndivyo wa kumwambia mzee hapa umekosea walivyoisha, maana wengine walitiwa kwenye buti ya gari mchana kweupe na hawakuonekana tena.

Sasa Februari 1977 askari wakavamia usiku nyumba ya Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Anglikana Uganda, eti wanatafuta silaha. Maaskofu wakakaa, wakamwandikia Amin barua, yani hawakuzunguka, wakamwambia bunduki iliyowekwa kumlinda Mganda ndio inayomuua Mganda. Tarehe 16 wakaitwa Nile Mansions, hoteli ya Kampala, mbele ya wanajeshi wanaopiga kelele wauawe, wenzake wakaruhusiwa kuondoka, yeye akabakizwa. Redio ikatangaza ajali ya gari, yeye na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi. Ajali gani hiyo inaacha matundu ya risasi mwilini?

Ila kabla hatujamrushia Amin mawe, rudi sura ya 11. Daudi wetu huyu wa Zaburi naye aliua kwa mkono wa jeshi, tena barua ya kifo akambebesha Uria mwenyewe, askari wake aliyemchukulia mke, halafu ikaonekana ni vita tu imemla. Mmoja kasingizia gari mwingine vita, mbona wanafanana! Wanapoachana ni sura ya 12 mstari wa 13, Daudi anasema "Nimemfanyia Bwana dhambi", na Nathani akarudi kwake mzima. Amin aliishi miaka 26 baada ya Luwum, hadi Agosti 2003 huko Jeddah, muda wa kusema maneno hayo alikuwa nao.

Kwa hiyo mchungaji, mwenyekiti, baba mwenye nyumba (na mimi nimo), aliyekwambia ukweli mara ya mwisho yuko wapi, bado mnasalimiana? Someni sura zote mbili, tuombe pia kwa ajili ya wanaokaa karibu na viongozi wetu wapewe kinywa. Jumapili njema.