Nilivyopanga kadi 2,000 za matundu kwa mashine inayosoma safu moja

Kadi zilikuwa za IBM zenye safu 80, ambamo kila tarakimu ni tundu kwenye nafasi yake ndani ya safu, na namba ya tarakimu tatu imetobolewa safu ya 78 hadi 80. Mashine ni IBM 082, kasi yake kadi 650 kwa dakika.

Kila mpito, yaani kadi zote zikipita mashineni mara moja, husomwa safu moja tu. Brashi ya waya hulala juu ya kadi, na chini ya kadi kuna rola ya chuma. Karatasi haipitishi umeme. Brashi ikifika kwenye tundu hugusa rola, sumaku huvuta, na njia ya kasha la tarakimu hiyo hufunguka. Tundu la 9 hutangulia kufika, kisha la 8, kwa hiyo mashine hutambua tarakimu kwa wakati wa mguso. Brashi ikirekebishwa vibaya mguso huwahi au huchelewa, na kadi huangukia kasha la jirani.

Nilianza na safu ya 80, yaani mamoja, kisha makumi, mwisho mamia. Chukua 317, 142, 115 na 342. Kwa mamoja zinakuwa 142, 342, 115, 317. Kwa makumi: 115, 317, 142, 342. Kwa mamia: 115, 142, 317, 342. Ukianza na mamia, mpito unaofuata utavuruga mpango huo, isipokuwa kila rundo ulipitishe peke yake, kazi ndefu bila sababu.

Wakati wa kukusanya, kasha la 0 hutangulia na la 9 humalizia. Kadi za ndani ya kasha zisichanganywe hata kidogo, maana mpangilio wa mpito uliopita umo humo. Kabla ya kuziunganisha nilipitisha sindano ndefu kwenye matundu ya kila rundo. Kadi iliyopotea njia huizuia.

Kilichosumbua zaidi ni kukwama. Unene wa kadi ni kama milimita 0.18, na mlango wa kuingilia hupitisha moja tu. Iliyovimba kwa unyevu au kuchanika ukingo hujikunja hapo. Nilizipepea na kuzigongagonga juu ya meza hadi kingo zikalingana. Zilizochakaa nilizitobolea nakala.

Kadi 2,000 kwa mipito mitatu ni takriban dakika 9 za mashine, mbali na kukusanya. Herufi zingedai mipito miwili kwa safu, kwa kuwa A ni tundu la 12 (nafasi ya juu kabisa ya safu) pamoja na la 1.

Kadi isiyo na tundu kwenye safu inayosomwa huishia kasha la R, la kadi zilizokataliwa. Hizo nilizikagua moja moja kwenye mwanga.