Mzani wa kliniki na msimu wa njaa

Kila mjamzito anayehudhuria kliniki hupandishwa kwenye mzani, kilo zake zikaandikwa kwenye kadi, kisha akaambiwa ale mlo kamili. Ushauri wenyewe sina ugomvi nao. Kinachonisumbua ni kwamba humsemesha mama kana kwamba yeye peke yake ndiye anayeamua kinachoingia chunguni, ilhali kilo hizo aghalabu hutegemea ghala, msimu na jembe.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko mwingine ulipatikana Gambia, katika vijiji vya West Kiang. Huko, kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua huwakuta watu akiba ya mavuno yaliyopita imekwisha au inakaribia kwisha, na huo ndio wakati ambao kazi ya shamba huwa nzito zaidi, hasa kwa wanawake wanaolima mpunga. Katika utafiti wa miaka 5 uliofanyika katika vijiji 28 na kuchapishwa mwaka 1997, baadhi ya wanawake walipewa kila siku biskuti za karanga zenye nguvu nyingi tangu karibu wiki ya 20 ya ujauzito, na wengine wakapewa baada ya kujifungua. Watoto wa wale waliozipata wakiwa wajawazito waliwazidi wa wale wengine uzito wa kuzaliwa kwa wastani wa gramu 201 katika msimu wa njaa, lakini kwa gramu 94 tu katika msimu wa mavuno, na waliozaliwa wakiwa wamekufa walipungua. Biskuti zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni hali ya ghala na wingi wa kazi.

Mzani nao una upungufu wake. Kwa mujibu wa mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009, mwanamke aliyekuwa mwembamba mno kabla ya kushika mimba anatarajiwa kuongezeka kilo 12.5 hadi 18, na aliyekuwa mnene sana kilo 5 hadi 9 tu; lakini mama anayefika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi mitano, nani ajuaye alianza na kilo ngapi? Mijini, ambako unene na kisukari cha mimba ni tatizo kwa wengi, swali hilo lina uzito ule ule.

Miiko nayo ipo. Wako wanaomkataza mjamzito mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele, au wanaompunguzia chakula ili mtoto asiwe mkubwa akamshinda kumzaa. Mwiko unaomnyima mume mayai sijausikia bado.

Kwa hiyo, kabla ya nasaha za mlo kamili, ningependa mhudumu amwulize mama chakula kilichobaki nyumbani kitafika mwezi gani, na ni nani atakayemchotea maji na kumlimia mpaka ajifungue. Ikiwa mume au mama mkwe amemsindikiza, aitwe ndani, naye aulizwe hayo hayo.